Abiria Niliyemwambia Shika Adabu

Leo nimemwambia abiria "Shika Adabu", na kazi nimepata.

Ilikuwa safari yangu ya mwisho ya mafunzo ya urubani, ndege ndogo ya kukodi, Mombasa hadi Lamu. Nikikosea, kazi sina.

Bwana mmoja wa miwani myeusi akanitupia begi.
"We msichana, pakia hii, kisha uniitie rubani."

Begi la ngozi halisi, adabu hana hata ya kuazima.

Nikapakia. (Ndege hizi rubani ndiye mpakizi, ila yeye atajulia wapi?) Kisha nikakaa kiti cha rubani.

Akatoa macho. "Huyu? Kwani wewe watoka wapi?"

"Shika Adabu."

Lo! Akafura kama andazi kwenye mafuta. "Mimi ndiye wa kuambiwa nishike adabu?"

Kapteni anayenifunza alicheka hadi machozi yakamtoka. "Ndiko kwao, bwana. Ni mtaa, kule Likoni."

Bwana mkubwa akajifunga mkanda kabla hata hajaambiwa.

Wallahi, ile ndege nimeitua kama naweka yai. Kapteni akanipa mkono: "Karibu kazini."

Na yule bwana? Begi kalibeba mwenyewe, akanong'ona, "Asante, rubani."

Watu wa mtaani, mwasemaje: ameshika, hajashika?