Ukuta Usio na Lipu

Kwa miaka tisa Silvanus, karani mstaafu aliyeishi mtaa wa Picha ya Ndege, aliwatangazia wageni kwamba nyumba yake ikiisha kujengwa, ataanza kuchora picha. Kwanza lipu, kisha dari, kisha chumba maalumu cha msanii. Msanii gani, hata yai hajachora! Brashi zilizeekea kabatini. Mkewe, Eugenia, alitamani kuchora tangu shuleni, na mjinga yeye, alimwamini huyo bingwa wa domo, akasubiri naye.

Jumamosi moja alichoka. Akachukua brashi na rangi ya bluu iliyobaki walipopaka geti, akauchora mto Ruvu kwenye matofali matupu ya sebuleni.

Silvanus akaingia, akang'aka, "Mama Editha, ukuta haujapigwa lipu!"

"Sogea, Baba Editha," akajibu bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."