Kilo za Shemeji

Mtaa mzima ulimwita Fundi Miguu, na si kwa sababu ya miguu yake mwenyewe, ambayo ilishachoka, goti la kushoto hasa. Alikuwa fundi wa miguu ya magari: springi, shokapu, bushi na vyote vinavyofanya gari litulie barabarani. Kwa miaka ishirini na sita hakuna gari lililomrudia mara mbili kwa tatizo lile lile. Mpaka likaja la shemeji yake.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, aliuza vigae vya sakafu, na alikuwa na gari jekundu la michezo alilolipenda kupita kiasi. Alitaka lifanye kazi mbili: siku za kawaida lipite kwenye matuta bila kumng'oa meno, na Jumamosi likate kona za uwanja wa mbio bila kulala upande. Fundi hakubisha. Alifunga springi fupi na ngumu zaidi, zenye pete za kupandisha na kushusha gari, na shokapu ambazo dereva huzilegeza akiwa barabarani na kuzikaza akifika uwanjani.

Sasa, Fundi Miguu alikuwa na utaratibu wake. Gari la mbio alilipima likiwa na dereva ndani, juu ya mizani nne bapa, moja chini ya kila gurudumu, kisha akazungusha pete mpaka uzito ugawanyike sawasawa. Dereva akikosekana, kitini aliweka magunia ya mchanga yenye kilo zake. Shemeji hakukaa kitini hata siku moja. Mara simu, mara mteja, mara mgongo.

"Weka themanini na mbili," alisema akiwa mlangoni, na kwenda zake.

Fundi akapima mchanga kilo themanini na mbili, hata kijiko hakikuzidi.

Baada ya wiki gari likarudi. Tairi la mbele, upande wa dereva, lilikuwa linasugua fenda, lile bati la juu ya gurudumu, kwenye kona. Fundi akalipandisha kwenye mizani na magunia yake, akakuta kila kitu kiko sawa. Akabadilisha bushi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Wiki ya pili likarudi tena na alama ile ile ya kusuguliwa, na safari hii shemeji alilalamika mbele ya wateja.

Kilichomtia fundi wasiwasi zaidi ni chama cha madereva wa mbio. Mwenyekiti wao, mama mmoja mkavu asiye na maneno mengi, alimwambia kwamba wanatafuta fundi wa kuwatengenezea magari yao yote kumi na moja, na wangeamua Jumamosi ya wiki ya tatu kwa kuliangalia hilo jekundu likiwa uwanjani. Kwa gereji iliyozoea pikapu zilizobeba saruji kupita uwezo wake, hiyo ilikuwa bahati ya maisha. Fundi akaanza kujishuku. Usingizi ukampaa. Alimwambia mkewe kwamba labda mikono imekwisha, labda afunge gereji. Mkewe, muuguzi wa zahanati, alimpaka dawa ya goti, akazima taa.

Alhamisi ya wiki ya tatu, fundi alikuwa ameshatoa magunia na gari lingali juu ya mizani, shemeji alipoingia akiuliza kama limekwisha. Fundi alimwambia bado anatafuta.

"Shemeji, kama umri umekushinda, sema. Nitalipeleka kwingine."

Akafungua mlango na kujitupa kitini kwa hasira. Kwenye kioo cha mizani kilichoning'inia ukutani, namba zikapanda. Gari tupu lilikuwa kilo elfu moja mia mbili na kumi. Sasa zilisomeka elfu moja mia tatu na kumi na nane. Fundi akafuta miwani, akasoma tena. Mia moja na nane. Jicho lake lilisomea magari. Tofauti ya milimita mbili aliiona akiwa mlangoni, lakini shemeji aliyenenepa mbele yake, ndani ya mashati mapana, hakumwona.

Shemeji naye aligeuka, akaziona namba. Mikono ikabaki kwenye usukani.

"Daktari ameshaniambia moyo haupendi uzito huu," alisema taratibu. "Usimwambie mtu."

"Nani mwingine anajua?"

"Mkeo. Ndiye aliyenipima."

Hapo ndipo fundi alipokasirika kwelikweli. Wiki tatu! Jioni alimkabili mkewe, naye akamjibu kwamba siri ya mgonjwa hakuwa na ruhusa ya kuitoa, hata mgonjwa awe kaka yake. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi fundi zaidi ya yote.

Ijumaa fundi alizungusha pete upya kwa kilo mia moja na nane, na Jumamosi uwanjani gari lilikata kona kama lilivyotakiwa, kushoto na kulia. Mwenyekiti aliinama, akapitisha kidole ndani ya fenda, akakitoa safi. Akauliza ni nini basi kilichowasumbua wiki tatu nzima. Fundi akamtazama shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake.

"Nilikosea uzito," fundi akasema.

Mwenyekiti aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema asante, akaenda zake. Habari ya magari kumi na moja hakuigusa.

Shemeji alisogea, akaanza kutafuta maneno. Fundi hakumpa nafasi.

"Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua, uje gereji. Gari liache nyumbani, njoo kwa miguu."

"Nije kufanya nini?"

"Kupanda mizani. Na kila Jumatatu, mpaka kilo zishuke kufikia hizo themanini na mbili ulizoniambia."