Moto wa Naftali Mhunzi

Naftali alikuwa mhunzi wa Shighatini, na watu wa Ugweno walimwamini yeye kama walivyoyaamini majembe yake. Mwaka 1954 kipande cha chuma kilipoanguka kutoka angani mchana kweupe, katikati ya migomba ya jirani yake mjane, Raheli, aliyeitwa kukichimbua ni yeye. Mwalimu Gideoni akaandika barua bomani Same. Jibu likaja: mhunzi akitunze, mtu asikiguse mpaka mtaalamu afike.

Wiki mbili alikitunza. Kisha hamu ikamshinda. Akakichomeka upande mmoja motoni, akavuta mivukuto mpaka kikawa chekundu, akakigonga nyundo. Kilipokataa kufulika, akakisugua kwa mchanga. Mkewe Eliwaza alimwona.

Mtaalamu alikuwa Mzungu mpole. Alieleza kwamba ndani ya chuma kama kile mna mistari iliyojichora kilipokuwa kikipoa polepole, kabla milima hii haijakuwepo, na wanaoichunguza wanatafuta jinsi sayari zilivyoanza.

"Mzee, kimewahi kuingia motoni?"

"Hapana, bwana."

Miezi saba baadaye Gideoni alisoma barua ya maabara ambako chuma kilipelekwa, mbele ya watu, nje ya kanisa. Huko Ulaya walikuwa wamekikata chuma, wakakilainisha, wakakipaka tindikali ili mistari ionekane. Upande mmoja ilikuwa safi. Upande wa pili imefifia kwa joto. Wataalamu wawili walikuwa wakibishana tangu hapo: je, kiliungulia huko kilikotoka?

"Waandikie kiliungulia huko huko," Raheli akasema. "Naftali alishaulizwa, na Naftali hasemi uongo."

Watu wakaitikia. Naftali akatazama viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Siku tatu hakuwasha moto. Siku ya nne Eliwaza akamuuliza, "Unangoja niende mimi?"

Naftali akaenda shuleni, akasimama mlangoni, akamweleza Gideoni yote, wanafunzi wakisikia. Mwalimu akaandika palepale. Kwa Raheli ilikuwa vigumu zaidi.

"Nilikusemea mbele ya watu," mjane yule alisema, akaendelea kupukuchua maharage. Hakumkaribisha kukaa.

Jibu la maabara lilikuja, fupi, la shukrani. Gideoni alitaka kulisoma kanisani. Naftali akamwomba asilisome. Majembe aliendelea kufua, na watu waliendelea kuyanunua, ila Raheli alianza kupeleka lake kwa mhunzi wa Usangi.