Mwiko wa Mkate

Nilipokuwa katika umri wa kung'oka meno, mkate uliingia nyumbani kwetu Panda, mtaa wa Likasi, kama mgeni wa heshima, na kabla msimu wa mvua haujaisha ulikuwa karibu kuniua. Wakati ule hakuna aliyesema hivyo isipokuwa mtu mmoja, na sababu alizozitoa hazikuwa za kumsaidia.

Kabla ya hapo tulikuwa watu wa bukari, ugali wa mahindi. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha shaba, kampani ikampa mshahara na mifuko ya unga wa mahindi, na mkate tuliuona Noeli au mtu akilazwa hospitali. Kisha mshahara ukaanza kuchelewa, ukachelewa hadi ukasahau njia. Baba aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyejitokeza kumwambia kwamba kazi imekufa. Mama hakusubiri tangazo la msiba. Alitafuta pipa kuukuu, akalilaza juu ya matofali uani, akalikandika udongo, akaanza kuoka mikate ya kuuza. Watu wa komini, serikali ya mji, walikuja kukagua kama tanuri lile ni hatari kwa umma. Walikaa, walionja, wakaondoka na vielelezo kwapani, na hatari ikaisha mpaka ukaguzi uliofuata.

Mikate iliyoungua haikupata mnunuzi. Hiyo ilikuwa yangu.

Tumbo langu likavimba, miguu ikakonda kama vijiti vya kufagilia, na choo cha maji hakikuniacha. Muuguzi mmoja wa dispensari alisema ni minyoo. Mwingine alisema ni utapiamlo, akaniagizia vyakula vyenye nguvu, kwa sauti ya mtu ambaye naye angevipenda. Na kwetu mgonjwa hupelekewa mkate na chai. Ndiyo adabu, na asiye na adabu hiyo hujulikana mtaa mzima. Basi kadiri nilivyokonda ndivyo mikate ilivyoongezeka. Majirani walileta, akina mama wa parokia walileta, na Mama mwenyewe alinichagulia laini, wa katikati ya tanuri. Kila aliyenihurumia aliniongezea ugonjwa, na sijui hata leo ningemlaumu nani.

Ndipo Nkambo akaja kutoka Kambove. Alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, asiyejua kubembeleza. Aliniangalia tumbo, akaangalia tanuri, akasema mkate ni kijila cha ukoo wetu. Kijila ni mwiko wa damu: wengine hawali pundamilia, wengine hawali samaki asiye na magamba. Sisi, alisema, hatuli mkate, kwa sababu babu wa babu alibebeshwa mifuko ya unga wa wazungu mpaka mgongo ukavunjika, akaulaani unga ule. Babu huyo hakuna aliyewahi kumsikia kabla. Lakini Nkambo alikuwa na ushahidi mwingine ambao hakupenda kuutaja. Binti yake wa kwanza, dada yake baba, alipelekwa kusoma bweni kwa masista, akala mkate kila asubuhi, akarudishwa nyumbani na tumbo kama langu. Walimzika kabla hajavunja ungo.

Mama hakutaka kusikia. Tanuri ndilo lililotulisha, na sasa mama mkwe anasema limelaaniwa. Nkambo hakubishana. Alinichukua Kambove, akanilisha bukari, sombe ya majani ya muhogo na viazi vitamu, na mashavu yakarudi. Niliporejea Panda nikalakiwa kwa mkate wa moto, na kabla ya mwezi kuandama mara ya pili nilikuwa tena sina nguvu ya kusimama.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku hizo Mama alikuwa ameacha misa na kuhamia kikundi cha maombi kilichokutana katika gereji tupu. Mchungaji wao alisikiliza habari yangu yote, akauliza swali moja tu: mtoto anapona akiwa kwa nani? Kwa Nkambo ushahidi ulikuwa mkate. Kwa mchungaji ushahidi uleule ulikuwa Nkambo. Anayefungua kamba ndiye aliyeifunga, alisema, na mlozi humpumzisha anayemla ili asiishe haraka.

Neno hilo likishatoka, mtaa haukuwa mtaa tena. Wateja wakapungua. Mtu mmoja alirusha jiwe kwenye bati letu mchana kweupe. Nkambo alipokuja kuniona, watoto niliocheza nao walimfuata nyuma wakimwigiza anavyotembea, na mama zao hawakuwakataza. Sote tulijua kilichompata bibi mmoja wa upande wa pili wa reli, ambaye nyumba yake ilichomwa na kitanda chake kikiwa ndani. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba Nkambo wangu anaweza kufa, na kwamba tumbo langu ndilo litakalotoa hukumu.

Maana jaribio lilipangwa hivyo. Jumamosi baada ya chakula, uani, mbele ya tanuri, nitapewa mkate ulioombewa. Nikiutapika mbele ya watu, basi anayenila yupo hapo. Ukikaa, bibi ni safi. Mkuu wa kartie, kiongozi wa mtaa, alihudhuria, akaletewa kiti. Alitueleza kwamba sheria ya nchi haiutambui ulozi, kwa hiyo yeye hayupo pale rasmi. Amekuja tu kuhakikisha jambo lisilokuwepo linafanyika kwa utaratibu.

Nkambo aliketi chini, miguu ameinyoosha, kitambaa kichwani. Baba alisimama ukutani akitazama viatu vyake vya kazi. Mchungaji aliumega mkate na kuniwekea kipande mkononi, kikubwa kuliko kiganja.

Nilikuwa nimeamua. Nitaubana ndani hata ukiniua. Nilitafuna, nikameza, nikahisi mate ya chumvi yakijaa mdomoni, yale yanayotangulia. Watu walinitazama koo. Nilimeza tena, na tena, nikimwangalia Nkambo, nikitaka ajue kwamba niko upande wake. Naye alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayepima kamba kama itafika kisimani.

"Mumuache mutoto," akasema. "Ni miye."

Hakupaza sauti. Mchungaji mwenyewe alionekana hakujiandaa kushinda mapema hivyo.

"Ni miye njo nilimufunga. Na mukate njo nilimufungia. Ntamufungula. Lakini musikie muzuri: siku anakula tena mukate, hata kidogo, fundo inarudia, na ile siku miye siko tena kwa kuifungula."

Mama alianguka magoti, si kwa kumwabudu, kwa hofu. Na hapo, mbele ya watu waliokuja kuona mlozi akifukuzwa, yakaanza maswali ya jikoni. Je, mandazi? Mandazi ni mkate, alisema Nkambo. Biskuti? Hivyo hivyo. Na mafuta yaliyokaangia mandazi, mtu akikaangia samaki?

Nkambo alifikiri. Sasa najua alikuwa anabuni sheria palepale, akichungulia gizani.

"Ile mafuta pia, hapana," akasema.

Na sufuria? Apikiwe yake. Kisu kilichokata mkate? Kioshwe kwanza, lakini afadhali awe na chake. Na kinywaji cha munkoyo je, uji wa mtama, muhogo? Vyote ale, hivyo havina neno. Mama mmoja wa parokia, aliyekuja kwa udadisi tu, akauliza kuhusu ostia takatifu ya komunyo. Nkambo akasema Mungu ana akili, atajua kwa nini mtoto hafungui mdomo.

"Na kama amesahau, Mama, amekula kidogo tu?" Mama alimuuliza Nkambo.

"Usisahau," Nkambo akamjibu. "Weye uko mama yake."

Aliondoka jioni ileile kwa miguu, Baba akimsindikiza mbali kidogo nyuma, kama mtu aliyekuwa akienda njia hiyo kwa shughuli zake. Hakukanyaga Panda tena. Kambove alijengewa kibanda mbali na kisima, na watu walimzunguka walipopita. Mimi nilipona. Mama aliyashika masharti kuliko amri za Mungu. Tanuri lilihamishiwa kwa jirani, unga wa ngano haukuvuka mlango wetu, na mgeni aliyenipa biskuti alinyang'anywa mbele yangu kama aliyenipa sumu. Agizo la daktari lingevunjwa kwenye sikukuu ya kwanza. La mlozi halikuvunjwa.

Nilikuwa mtu mzima, Lubumbashi, nilipokula keki harusini kwa kuona aibu kukataa, nikaishia hospitalini. Baada ya vipimo vingi daktari aliniambia kwamba mwili wangu hauvumilii ngano wala ndugu zake, shayiri na nafaka ya rai. Kwamba jambo hili hutembea katika damu ya ukoo, na dawa yake ni kujizuia maisha yote. Akaanza kunieleza habari ya mafuta ya kukaangia, sufuria, kisu. Nilimwomba asubiri kidogo. Alidhani nalia kwa sababu ya keki.

Nkambo alikuwa ameshakufa, na waliomzika walikuwa wachache na wenye haraka. Nilipanda gari hadi Likasi kumweleza Mama. Nilimkuta anachekecha unga wa mahindi. Nilimweleza yote: ugonjwa una jina, shangazi aliyerudishwa kutoka bwenini bila shaka alikuwa nao, hakuna aliyefungwa wala kufunguliwa. Nkambo alijiita mlozi ili tumtii.

Hakuacha kuchekecha. Nilidhani hakunisikia.

"Nilijua," akasema mwishowe. "Aliniangalia ile siku, nikajua haiko mulozi. Lakini ulianza kunona, mwanangu. Niliogopa nikimurudisha, batu wataanza tena kukupa mukate."

Nilisogea karibu, nikamshikia beseni. Mwanamke mmoja alitoa jina lake kwa ajili ya tumbo langu, na mwingine akalipokea, akaliacha lichafuke miaka yote ili mimi nile salama. Mtaani nimesema ukweli kwa kila anayesikiliza. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wananiambia: lakini wewe ulipona, siyo?