Hamsini, Hamsini, Hamsini na Tano

Huduma mpya ilinigharimu shilingi elfu kumi na nne, mia tatu na hamsini. Nimejumlisha mara mbili, ya kwanza kwa kalamu na ya pili kwa hasira, na haikupungua hata shilingi. Hapo sijaweka akaunti. Akaunti sijui niitie bei gani, na mimi ni mtu wa kuitia bei kila kitu.

Ilikuwa Kitengela, miaka ya elfu mbili ikielekea mwisho. Watu wa ng'ambo nisiowahi kuwaona walinitumia sauti kwenye mtandao: mahojiano, mikutano, daktari akiongea na mgonjwa. Nasikiliza, nasimamisha, narudisha nyuma, nachapa. Kazi ikiisha, mteja ananipa nyota. Nilikuwa na kazi mia mbili na kumi na moja na nyota tano safi, na jina kwenye akaunti ni langu. Kompyuta ilikuwa ya shemeji, mdogo wake mume wangu, mwenye cyber, chumba cha intaneti cha kompyuta nne, nyuma ya duka la mbao. Tukipata tatu, mbili zangu, moja yake. Tulibishana siku tatu kufika hapo, na bado naona nilimpa nyingi.

Siku moja akaja na daftari jipya.

"Shem, tutachapa mpaka tuzeeke? Lazima tujipange. Tuongeze huduma."

Tukaketi tukapanga. Barua za kuomba kazi, sawa. Kutafsiri Kiswahili, sawa. Kutafsiri Kimaa, lugha ya Wamaasai, ambacho yeye hajui hata salamu, nikafuta. Halafu akaandika mstari kwa Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili, akitabasamu kama mtu aliyeokota pochi: kuhesabu mifugo Kajiado, boma kwa boma, bila kosa.

"Nani atahesabu?"

"Si ni wewe, mama hesabu? Wewe hata githeri unahesabu mahindi."

Hapa niseme ukweli. Miaka ya tisini niliuza mitumba na shuka Kajiado, karibu na soko la mifugo. Huko mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Anaulizwa anauza yupi. Kuwataja kwa idadi ni kuwaitia balaa. Nililijua hilo vizuri. Niliutazama ule mstari, nikatazama bei aliyoandika pembeni, ambayo ilikuwa miezi miwili ya kuchapa, nikauacha bila kuufuta. Sehemu hiyo ya hasira ni yangu mwenyewe. Ya kwake inakuja.

Mteja alipatikana haraka, mtu aliyekuwa akiandika juu ya ukame. Alitaka maboma arobaini kwa wiki tatu. Nauli ilitoka mfukoni mwangu, na sukari na majani chai pia, kwa sababu huingii kwa watu mikono mitupu.

Nilianza kwa mzee mmoja aliyekuwa mteja wangu wa shuka, mtu aliyeweza kunishusha bei bila kufungua mdomo.

"Takwenya, mama mitumba," akanisalimu.

"Iko," nikaitikia. Tukanywa chai. Nikafungua daftari. "Mzee, niko na swali kidogo. Uko na ng'ombe wangapi?"

Akaweka kikombe chini.

"Wewe uko na watoto wangapi?"

"Watatu."

"Na unawataja hivyo tu, kama viazi?" Akatikisa kichwa. "Nani anauliza juu ya ng'ombe?"

"Mtu wa kompyuta."

"Anataka kununua?"

"Hapana."

"Anataka kuchanja?"

"Hapana."

"Sasa anahesabu ya nini?"

Nikafunga daftari. Akanisindikiza hadi langoni kwa heshima yote, na heshima hiyo iliniuma kuliko kufukuzwa. Kwenye maboma matatu yaliyofuata habari ilikuwa imefika kabla yangu. Hata chai sikupewa.

Nikarudi kwa mzee siku ya pili, nikamwambia wazi kuwa nikikosa hii kazi nitapoteza riziki yangu yote, maana nyota zikianguka hakuna anayenipa sauti tena. Akafikiri.

"Usiulize wangapi. Uliza ni akina nani."

Akaanza. Yule wa kijivu mwenye pembe moja iliyolala. Yule mwekundu wa mahari ya binti yangu. Yule wa madoa anayepiga teke. Aliwataja mmoja mmoja, nami nikiandika, mpaka mkono wangu ukafa ganzi.

"Ukifika kwako," akasema, "hesabu ya hiyo karatasi ni yako. Lakini usiitaje kwa mdomo, na usiifanye hapa."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi. Mzee alinitangulizia neno, malango yakafunguka. Wiki ya pili ilipoisha nilikuwa na maboma ishirini na sita, na siku saba zimebaki. Nikashuka Kitengela na daftari kifuani, viatu vimefunguka soli.

"Shem, pole na safari," shemeji akasema bila kuinua macho. "Mimi nilishatuma."

"Umetuma nini?"

"Hesabu. Ulikuwa unachelewa."

Akanifungulia kwenye kompyuta. Boma la kwanza, hamsini. La pili, hamsini. La tatu, hamsini na tano. La nne, thelathini. Arobaini yote, yamejaa.

"Hawa uliwahesabu wakiwa wapi?"

"Nilikadiria tu. Si ng'ombe ni ng'ombe?"

Mteja hakuwa mjinga. Alijibu kwa mistari miwili: kila idadi inaishia kwa sifuri au tano, na ng'ombe hawazaliwi hivyo. Akaweka nyota moja, akanishtaki kwa wenye mtandao. Asubuhi ya tatu akaunti ilikuwa imefungwa, na kazi mia mbili na kumi na moja zikaenda nayo. Nikatuma barua ya kujieleza, nikatuma na kurasa za daftari. Hakuna aliyejibu.

"Tutafungua ingine," shemeji akasema. "Jina lako liko na herufi nyingi. Tunazipanga upya tu."

Mume wangu naye akaniambia nisivunje undugu kwa mambo ya kompyuta. Undugu huo haukuninunulia hata viatu.

Daftari bado ninalo. Idadi ya ng'ombe wa yule mzee sijaitaja kwa mtu. Lakini kila nikipita Kajiado ananishika mkono na kuuliza, "Yule mtu wako, aliwapenda? Juu ya yule wa kijivu, alisemaje?" Nami hujifanya naharakisha.

Kwa hiyo, shem, kwa kuwa najua utasoma hapa: nusu yako ni elfu saba, mia moja sabini na tano. Sitaki itumwe, sitaki ipitie kwa kaka yako. Ilete mkononi, siku ya soko, Kajiado. Mzee atakuwepo. Ukishanilipa, geuka umjibu.