Kiti cha "Nirudishie Mwavuli"

Seremala alikuwa na ugomvi na kila redio ya mtaa ule. Akifungua karakana asubuhi, redio ya kinyozi wa jirani inamwimbia "Nirudishie Mwavuli". Akienda kununua misumari, mwenye duka anaupiga mluzi. Watoto wanafukuzwa darasani kwa kuugonga kwenye madawati. Nyimbo nyingine huvuma majuma mawili, zikajifia zenyewe. Huu wa vijana watatu wenye gitaa moja uligoma kufa. Waliozaliwa mwaka uliotoka sasa wanaota ndevu.

Kilichomchoma hasa ni mwanzo wake. Kabla ya gitaa, kabla ya sauti yoyote, kuna mtu anagonga kiti: ngo, ti. Ngo, ti. Kiti hicho alikitengeneza seremala, na mtu wa kwanza kukigonga alikuwa yeye, enzi mdogo wake na wenzake wakifanya mazoezi humo humo karakanani, hawana hata ngoma. Mguu mmoja hakuutia gundi makusudi, aliuacha ucheze kidogo ndani ya tundu, ndiyo maana kiti kilijibu kwa sauti mbili. Halafu akawaambia ana kazi za watu, hana muda wa mambo ya kitoto. Wakaenda kurekodi bila yeye. Tangu siku hiyo wivu ulimkaa kooni, na wala hakujisumbua kuumeza.

Sasa mdogo mtu alikuwa mlangoni, kiti begani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeniletea mgonjwa?"

"Kinayumba mno, kitaniaibisha jukwaani. Jumamosi tunapiga pale ukumbi wa shule. Kikaze kidogo tu, ila ile sauti usiiguse."

"Unanifundisha kazi?"

"Nani akufundishe wewe? Kiti chenyewe ni chako."

Chako! Seremala alicheka kwa pua. Kiti chake, makofi ya wengine.

Dawa aliijua vizuri: kipande cha ngozi cha kuzungushia kichwa cha mguu, basi. Mkono ukalipita boksi la ngozi, ukachukua kopo la gundi. Akapaka, akapaka tena, akabana kwa jiriwa mpaka gundi ikatoka pembeni. Ilipokauka alikigonga. Ngo. Akagonga tena. Ngo, tupu. Mchana huo alikula akashiba, mkewe akashangaa.

Mdogo wake alikuja mbiombio, akakibeba bila hata kukijaribu. Nani hukagua kazi ya kaka yake? Hilo lilimkwaruza kidogo, lakini si kiasi cha kumwita arudi.

Jumamosi mkewe alimburuta hadi ukumbini, wakakaa benchi la nyuma. Ulipofika wimbo wenyewe, watu walinyamaza. Mdogo mtu akakikalia kiti, akainama, akagonga. Ngo. Akagonga tena. Ngo. Akakitazama kiti, kisha akainua uso polepole, akatafuta katikati ya vichwa vyote vile mpaka akamwona kaka yake. Seremala akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Sasa kazi ipo," alijisemea, moyo ukimdunda kwa raha.

Ndipo mama mmoja wa mbele akapiga benchi lake ngumi, kisha kucha. Ngo, ti. Jirani yake akadakia. Benchi kwa benchi, ukumbi mzima ukaushika mdundo, wazee kwa watoto, kwa sababu nani asiyeujua? Mdogo mtu akacheka kwa sauti, akasukuma kiti kando kwa mguu, akasimama kupiga gitaa. Hakuna aliyekiulizia kiti. Hakuna hata aliyekitazama.

Seremala alihisi uso unamwaka. Wimbo haukumhitaji yeye, na kumbe haukukihitaji hata kiti chake.

Mkewe akamgusa begani. Alipotazama chini, aliuona mkono wake mwenyewe juu ya benchi, unagonga.

"Baba watoto," mkewe akamnong'oneza, "unachelewa. Fuata wenzio."