Nilivyotubu Ndani ya Lori la Mkwe Wangu

Msinicheke. Au chekeni tu, maana Wambui, yule Mkenya wa kwaya yetu, keshacheka kabla yenu.

Mkwe wangu Désiré, ambaye ninakaa kwake, ana lori la dizeli la kuvuta magari mabovu hapa Stockholm. Jumamosi alilifungia breki ya ekzosi, akanieleza kwamba inabana moshi kwenye bomba, na injini yenyewe inapunguza mwendo. Nikaitikia kwa kichwa. Mimi, profesa wa darasa la pili, nishindwe kuelewa?

Jumatatu tukaenda kitongoji cha Norsborg kuchukua gari la Wambui lililozimika. Tukaketi watatu mbele. Mteremkoni Désiré akabonyeza kitufe, lori likanguruma kama fahali. Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Bugarama, kule Burundi, tunajua: lori likinguruma hivyo, breki zimekufa, tubu upesi.

Nikatubu, tena kwa sauti ya mahubiri.

"Désiré mwanangu, nisamehe! Nilifunga na kuomba siku tatu ili Joseline wangu asiolewe nawe. Nilimtaka Anicet, yule mwenye duka la vitenge!"

Lori likapunguza mwendo taratibu, likasimama kwenye taa nyekundu. Wambui akaziba mdomo kwa glavu zote mbili.

"Mama," akasema Désiré, "hiyo ndiyo breki mpya. Nimeiweka kwa sababu wewe unaogopa miteremko."

Nikaitazama theluji kwa bidii sana.

"Siku tatu," akasema Désiré. "Kavu, au ulikuwa unakunywa chai?"

"Kavu," nikajibu.